Chupa ya Benedict au kijiti cha mkojo? Kwa maabara ndogo za Kigoma

Vijiti vya kupima sukari kwenye mkojo havikosekani madukani, na kwa mgonjwa wa kisukari havina ubaya. Ila kwa kichanga wa siku tano aliyegeuka manjano, anayetapika kila akinyonya na ini limevimba, kijiti kinaweza kusema "hakuna sukari" wakati mkojo umejaa sukari.

Kijiti kimepakwa kimeng'enya kinachotambua glukosi peke yake. Mtoto mwenye galaktosemia, ugonjwa wa kurithi wa kushindwa kusaga galaktosi, anakojoa galaktosi hiyo, itokayo kwenye sukari ya maziwa ya mama. Amerithi jeni ya GALT, inayotengeneza kimeng'enya cha kusaga galaktosi, yenye kasoro kwa baba na kwa mama. Herufi moja ya jeni ikibadilika, amino asidi moja (tofali la kujengea kimeng'enya) inakosewa: kwa wagonjwa wengi wa Kizungu glutamini ya nafasi ya 188 inakuwa ajinini, na kimeng'enya hicho cha GALT hakifanyi kazi tena. Kwa wagonjwa wenye asili ya Afrika inajulikana zaidi serini ya 135 kuwa lusini. Hapo kimeng'enya hubaki na nguvu kidogo ndani ya ini. Galaktosi isiyosagwa inalimbikiza sumu kwenye ini, na machoni inaleta mtoto wa jicho.

Dawa ya Benedict, ileile ya praktiko za baiolojia sekondari, haibagui: shaba yake hubadilika rangi kwa glukosi, galaktosi, hata laktosi. Mililita 5 za dawa, matone 8 ya mkojo mbichi, kisha dakika 5 kwenye maji yanayochemka. Kijani ni sukari kidogo. Nyekundu ya matofali ni nyingi. Kijiti kikikataa na Benedict ikakubali, muone daktari siku hiyohiyo.

Kasoro zake zipo. Vitamini C na baadhi ya antibiotiki huidanganya. Mtoto aliyekaa kwenye dripu siku nzima bila maziwa anaweza kutoa jibu safi la uongo, kwa hiyo andika kwenye fomu saa aliyonyonya mwisho. Kuhusu utunzaji, Benedict inashinda: unyevunyevu wa ziwani huharibu vijiti chupa ikiachwa wazi, dawa hii haijali.

Benedict haithibitishi ugonjwa. Uthibitisho ni kupima GALT kwenye chembe nyekundu, na damu ichukuliwe kabla mtoto hajaongezewa damu, la sivyo mtapima kimeng'enya cha aliyechangia.