Wiktionary kwa anayefuatilia asili ya maneno

Wiktionary ya Kiingereza, kamusi huria ya mtandaoni inayoeleza kwa Kiingereza maneno ya lugha nyingi, iliyoanza Desemba 2002, hupanga kurasa kwa tahajia, si kwa lugha. Andika "moto" na utakuta wapangaji wengi nyumba moja: moto wetu unaounguza, wingi mioto, wenye mzizi wa Kibantu, "moto" ya Kihispania, yaani pikipiki, iliyofupishwa kutoka motocicleta, na ya Kiitaliano, mwendo, kutoka Kilatini motus.

Kilingala ndicho kinachonoga. Moto ni mtu, wingi bato, ndugu wa "mtu" wetu. Motó ni kichwa. Mɔ́tɔ ndio moto wenyewe! Ukiandika bila alama, kama wengi wanavyofanya kwenye simu, yote matatu yanafanana na utasoma maana isiyo yako.

Kuokoa muda, ongeza #Swahili mwishoni mwa anwani; la sivyo utapita lugha zote zinazotangulia kialfabeti. Kinyota mbele ya neno humaanisha umbo lililokisiwa na wanaisimu, halikukutwa kwenye maandishi.

Udhaifu wake mkubwa ni vitenzi: tafuta "patikana", maana "hayakupatikana" na maumbo kama hayo mara nyingi hayana ukurasa. Toleo la Kiswahili ni dogo mno kwa kazi hii.