Tukahesabu migongo: mwisho wa One Cut of the Dead

Kama hujaiona, kaitizame kwanza halafu urudi, maana hapa mwisho wote naumwaga.

Kazi yangu ni kupiga video za harusi hapa Wete, Pemba, upande wa wanawake, ambako kamera ya mwanamume haiingii. Filamu hii ya Kijapani ya mwaka 2017 kaniletea mdogo wangu kwenye fleshi, tukaitizama sebuleni watu wanne, baada ya Isha. Dakika 37 za mwanzo kamera haikatwi hata mara moja: watu wanapiga filamu ya mazombi (maiti waliofufuka, wanaokula watu), mara wanavamiwa na mazombi wa kweli. Mbovu, wallahi. Waigizaji wanaduwaa, mtu anatoka nje bila sababu, na ile picha ya mwisho kutoka juu, msichana kasimama kwenye nyota ya damu, inatikisika kama mpigaji kapanda mkarafuu. Shoga yangu mmoja akajitanda mtandio, akaenda zake.

Sehemu ya kati inajikokota. Tunarudi mwezi mmoja nyuma, tunakutana na mwongozaji Higurashi, ambaye sifa anayojipa ni kufanya kazi haraka, kwa bei nafuu na kwa ubora wa hivi hivi. Kapewa kipindi cha kurushwa moja kwa moja bila kukata. Binti yake Mao, naye wa kazi hiyo hiyo, hamwoni baba kuwa mtu wa maana.

Halafu zile dakika 37, ambazo ndizo kipindi chenyewe, tunaonyeshwa tena kutoka nyuma ya kamera. Yule aliyeduwaa kalewa. Yule aliyetoka nje tumbo linamwendesha. Nilicheka mpaka mtoto akaamka.

Sasa mwisho. Kreni ya kamera imevunjika, mtayarishaji anataka picha ya juu iachwe, na Higurashi, kama kawaida yake, anakubali. Mao ndiye anayekataa. Watu wanapiga magoti, mgongo juu ya mgongo, waigizaji na mafundi na mtayarishaji mwenyewe, na juu kabisa Mao, mabegani mwa baba yake, kamera mkononi. Ndiyo mtikisiko ule tulioucheka.

Mwaka jana stendi yangu ilivunjika mguu bi harusi akiwa ndiyo anaingia. Nikapanda kreti za soda, shangazi zake wawili wamenishika kiuno, mmoja ananipigia vigelegele sikioni. Picha ikatikisika, na mwenye shughuli akanikata elfu thelathini. Ningekuwa na filamu hii wakati ule ningemwekea.

Na baba alikuwa akinipandisha mabegani kwenye mchezo wa ng'ombe, watu wanapomchokoza dume uwanjani. Yeye mfupi, haoni kitu, basi mimi namsimulia: sasa kamgeuka, sasa wanakimbia.

Mwongozaji wa kweli, Shin'ichirō Ueda, aliitengeneza kwa yen milioni 3 hivi, na waigizaji wasiojulikana. Ikaja kuingiza zaidi ya yen bilioni 3. Majina yakianza kupanda usizime, hapo wanaonyeshwa wapigaji wa kweli wakihangaika na kamera yao.

Sisi hatukuzima. Mdogo wangu akairudisha nyuma mpaka ile picha ya juu, tukaitizama tena, tukihesabu migongo ambayo haionekani. Shoga aliyeondoka tukampigia simu. Kashalala.