Kifua kikubwa: sidiria ya V au ya kikombe kizima?
Gauni la shingo ya V linataka sidiria iliyokatwa chini katikati. Ya kikombe kizima, inayofunika titi lote, itachungulia. Ila kwa wenye matiti makubwa, shida ya hiyo ya V iko palepale katikati. Kikombe kikiwa kidogo, kipande kinachounganisha waya hakilali kwenye mfupa wa kifua, na ukiinama kufunga viatu matiti yanamwagika. Usikimbilie mkanda mkubwa zaidi wa kuzunguka kifua, ongeza kikombe: kwa vipimo vya Uingereza (namba ni mkanda, herufi ni kikombe), toka 36D nenda 36DD. Mkanda wa 36D ukiwa umelegea, shuka hadi 34DD, kikombe chake kina ujazo uleule. Mkanda ndio unaobeba uzito jamani, si kamba za mabegani!

Ya kikombe kizima inashika vizuri zaidi. Kwa kazi ya kutwa ningechagua hiyo, ya V niiweke kwa ajili ya harusi.