Suzuka majira ya kuchipua: koti zito au nguo nyepesi tatu?

Tangu 2024, mbio za Formula 1 za Japani zimetolewa Septemba na Oktoba zikaletwa mwanzo wa majira ya kuchipua, maua ya mcheri yakiwa yamechanua. Asubuhi pale Suzuka, mkoani Mie, zinakofanyika mbio hizo, joto linaweza kushuka chini ya nyuzi 10. Saa nane mchana mbio zinapoanza, jua likiwaka, watu wanavua nguo za baridi.

Koti zito lina raha yake. Ukiwahi kiti tangu saa tatu asubuhi, na upepo unavuma kutoka Ghuba ya Ise, utalishukuru. Lakini joto likipanda utaliweka wapi? Viti vimebanana. Tena kutoka kituo cha treni cha Suzuka Circuit Ino unatembea dakika ishirini na ushei. Unafika langoni mgongo umelowa jasho.

Mimi nashauri nguo tatu: fulana ya mikono mirefu, sweta jepesi, na juu yake jaketi la mvua lenye kofia. Hilo jaketi usiliache kabisa. Majukwaa mengi hayana paa, na mwavuli unamziba aliye nyuma yako asione magari yakikata kona za S. Sweta ukilivua, likunje ulikalie, maana viti ni vigumu.

Koti zito namwachia mzee au mtoto asiyehimili baridi. Viatu ni raba ulizokwisha kuzizoea, vyovyote utakavyochagua.