Wodi ya Watoto Njiti Nairobi: Matibabu Mazuri, Bili Isiyoeleweka

Binti yetu alizaliwa kabla ya wiki 30, na kipimo cha eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) kikaonyesha kwamba mshipa unaounganisha ateri kuu ya mwili na ateri ya mapafu, ambao kwa kawaida hujifunga siku chache baada ya kuzaliwa, ulikuwa bado wazi. Ninachoisifia zaidi wodi hii ya hospitali ya kibinafsi jijini Nairobi ni kwamba daktari hakukimbilia dawa, kwani mishipa mingi ya aina hii hatimaye hujifunga yenyewe. Alipoamua kutumia ibuprofeni, ambayo hupunguza prostaglandini, kemikali za mwili zinazouacha mshipa wazi, alitueleza dozi bila haraka: miligramu 10 kwa kila kilo ya uzito, kisha 5, kisha 5 tena, kila baada ya saa 24. Kwa kuwa dawa hiyo huweza kuathiri figo, muuguzi alipima kila nepi kwenye mizani ndogo kabla ya kuitupa, akaandika kiasi cha mkojo. Parasetamoli (naam, ile ile ya homa) ingekuwa chaguo jingine. Upande wa malipo, hata hivyo, unaudhi: bili haikutenganisha dawa na vipimo, na kila tuliyemuuliza alitutuma dirisha jingine.