Sura Zimepona, Migongo Imeachwa: Tathmini ya Huduma ya Kuhuisha Picha za Zamani

Tathmini hii inahusu huduma inayotolewa na studio moja ya picha jijini Dodoma, ambayo jina lake sitalitaja. Huduma yenyewe ni kuskani picha za zamani, kuziondolea madoa na mikunjo kwa kompyuta, kuzichapa upya na kuzipanga katika albamu yenye jalada gumu. Niliwapelekea boksi la mama yangu, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, aliyesomea ualimu wa Daraja la III A katika Chuo cha Ualimu Mpwapwa wakati walimu walipohitajika kwa wingi na kwa haraka, kwa sababu Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilikuwa limelivuta lengo la elimu ya msingi kwa wote hadi mwaka 1977.

Mpwapwa ni mji mdogo, na aliyesoma pale hakuishi ndani ya uzio wa chuo peke yake. Ndiyo maana boksi la mama lina picha za wanachuo waliovaa suruali za mapana chini, lakini pia lina wanakwaya wa mtaani, watumishi wa utafiti wa mifugo waliokuwa wakija kucheza dansi bwaloni siku za Jumamosi, kadi za mwaliko wa harusi zilizorudufiwa kwa stensili, pamoja na kadi za salamu za Radio Tanzania Dar es Salaam ambazo zilijazwa majina ya marafiki lakini hazikutumwa. (Mama anasema stempu ilikuwa na kazi nyingine muhimu zaidi.)

Kwa picha nyeusi na nyeupe, studio hii inastahili sifa. Picha ya timu ya netiboli, ya ukubwa wa poskadi, ilikuwa na ufa uliopita katikati ya nyuso za mstari wa mbele. Fundi aliuziba ufa huo bila kubuni pua wala macho ambayo hayakuwapo, akaacha vumbi la uwanjani lionekane miguuni mwa wachezaji kama lilivyokuwa. Picha za aina hiyo zina nafuu, kwa kuwa taswira yake imejengwa kwa chembechembe za fedha, ambazo hudumu sana zikisafishwa vizuri dawa wakati wa kuchapwa. Picha za rangi hazina bahati hiyo. Nyingi za miaka ya 1970 na 1980 zimegeuka nyekundu kwa sababu rangi zake hazififii kwa kasi moja, na hapo fundi alipitiliza: katika kurudisha rangi aliwang'arisha watu ngozi, hata shangazi yangu, ambaye ni mweusi wa kupendeza, akatoka amepauka. Nilipolalamika walirekebisha bila malipo ya ziada, na hilo nawapongeza.

Kasoro kubwa iko nyuma ya picha. Wakati ule mwanachuo hakumpa mwenzake picha tupu, aliigeuza, akaandika kwa kalamu ya wino jina la anayepewa, tarehe, mahali, na maneno ya kuaga, mara nyingi yakianza na "Pokea picha hii iwe ukumbusho." Chini yake huwa pana muhuri wa studio iliyoipiga, wakati mwingine na namba ya negativu. Mgongo mmoja katika boksi la mama una maandishi ya watu wawili: aliyeitoa picha, na mama mwenyewe, ambaye miaka kadhaa baadaye aliongeza kwa penseli kwamba mwenzake amehamishiwa Kigoma na ameolewa. Habari hiyo haipo usoni mwa picha, ambapo kinachoonekana ni msichana aliyesimama mbele ya pazia lililochorwa maua.

Studio haikuskani mgongo hata mmoja. Nilipouliza, kijana wa kaunta alinijibu kwa adabu, "Dada, sisi tunafanya picha, nyuma ni maandishi tu." Nilikubali kulipia migongo kwa bei ileile ya sura, lakini kazi hiyo haikuwa kwenye orodha yao ya bei, na ilibidi mwenye studio aitwe ndipo ikubaliwe. Hata baada ya hapo, maandishi hayo hayakupata nafasi katika albamu. Nilikabidhiwa kama mafaili yaliyopewa namba zisizolingana na namba za picha zenyewe, nikalazimika kukaa na mama kuzioanisha upya. Kwa huduma inayojitangaza kuwa inahifadhi kumbukumbu, huo ni upungufu mkubwa kuliko doa lolote lililosalia kwenye karatasi.

Albamu ni nzuri kwa kuitazama, lakini nawashauri wateja wasiweke picha halisi ndani yake. Kurasa zake ni zile za gundi zenye karatasi ya plastiki juu, ambazo kadiri miaka inavyopita hugeuka njano na kung'ang'ania picha mpaka haibanduki bila kuchanika. Nakala mpya zikae humo. Za asili zirudi ndani ya bahasha za karatasi, mbali na jua na mchwa. Kwa sababu hiyohiyo nilikataa walipotaka kukilaminisha cheti cha mama, maana joto na gundi ya mashine ile vikishaingia kwenye karatasi, kuvitoa bila kuiharibu karatasi hakuwezekani.

Jambo la mwisho ni makabidhiano. Wana mazoea ya kutuma kazi kwa WhatsApp kama picha za kawaida, na njia hiyo huzibana na kuzipunguzia ubora. Dai mafaili yako kwenye fleshi, na usiondoke kabla ya kuyafungua na kuyakuza kwenye kompyuta yao.

Naipa huduma hii nyota tatu kati ya tano. Mwenye picha nyeusi na nyeupe zilizopasuka aende bila wasiwasi. Mwenye picha zilizoandikwa nyuma naye aende, ila aandike mwenyewe orodha ya picha na migongo yake, aitie namba, na ahakikishe mwenye studio ameisaini kabla boksi halijavuka kaunta.