Hardwick Hall au Chatsworth, ipi kali?
Zote ni majumba ya kifahari ya kale yaliyoko Derbyshire, Uingereza, na Bess wa Hardwick, mama tajiri wa karne ya 16, ana mkono wake kote kote. Kwa usanifu mi naona Hardwick (1590–1597) inaongoza, msanifu Robert Smythson kajaza vioo mpaka kuta kama hazipo, madirisha yanazidi kurefuka kadiri unavyopanda, halafu herufi ES (Elizabeth Shrewsbury, yaani Bess mwenyewe) zimesimama juu ya minara, yule mama alijisikia kweli! Ila kuipasha joto nyumba ya vioo hivyo wakati wa winta sio mchezo. Chatsworth ilianza kujengwa upya 1687, ni baroki (mtindo wa mapambo mengi), michoro darini, na kwa bustani Hardwick haioni ndani. Matunzo: Hardwick iko mikononi mwa National Trust (shirika la kuhifadhi majengo ya kale), Chatsworth bado wanaishi akina Cavendish, ukoo wa Bess. Ukiwa na watoto nenda Chatsworth, ukitaka kulisoma jengo taratibu nenda Hardwick.